Kazimoto na Dhambi ya Kutoamini

Mwanafunzi wa Kisinga, wilayani Kasese, hukulia kati ya makanisa na misikiti, na kwa wengi waliomlea kutoamini ni jina jingine la uovu. Hata hivyo, katika wilaya hiyo hiyo Bwana Robert Bwambale alianzisha mwaka 2011 shule ya msingi isiyofungamana na dini yoyote. Basi sisi walimu wa Kiswahili hatuwezi kulikwepa swali hili: je, asiyeamini kwa moyo mnyofu ametenda dhambi? Tunaliuliza hapa kuhusu Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974.

Wasomaji wengi huhukumu upesi. Kazimoto, msomi wa Chuo Kikuu, anapotewa na imani, mwishowe anajiua, kwa hiyo, husemwa, Mungu amemwadhibu. Hatukubaliani na usomaji huo. Tukifuata jinsi mwandishi alivyoyapanga matukio, tunaona kwamba maafa yanatokana na vitendo, wala si shaka. Manase, mwenye cheo serikalini, anampa mimba Rukia, ndugu yake Kazimoto, na binti huyo anafariki. Kazimoto naye anakusudia kulipiza kisasi kwa kumtumia Sabina, dada yake Manase, ambaye baadaye anamwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa. Hapo mwandishi anatuelekeza kwenye ugonjwa wa zinaa, si kwenye mabishano juu ya Mungu.

Hata baadhi ya wenye dini hawamhukumu asiyeamini kwa pupa. Tuchukue mfano wa Wamormoni. Kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, katika sehemu ya 76 ya mwaka 1832, kinatenga makundi mawili. Waliozijua nguvu za Mungu kisha wakazikana wamepotea kabisa. Lakini watu waadilifu waliopofushwa na hila za wanadamu wanapewa utukufu, ijapokuwa si ule wa juu kabisa. Kwa mizani hiyo, hasara ya kutoamini ipo, lakini kosa zito ni la yule anayeukana ukweli alioujua.

Je, Kazimoto ameukana ukweli anaoujua? Kuhusu Mungu, hapana: anauliza kwa uchungu, wala hafanyi mzaha. Kuhusu binadamu, ndiyo. Anajua kwamba Sabina hakumkosea lolote, lakini anamfanya chombo cha kisasi. Hapo ndipo tunapoiona dhambi yake, na muumini angeweza kuitenda vile vile.

Riwaya yenyewe, pamoja na ubora wake, ina upungufu mmoja. Haituonyeshi mtu asiyeamini aliyepata njia ya kuishi vyema na wenzake. Ndiyo maana msomaji hudhani kwamba shaka na kifo ni ndugu mapacha. Shule ile ya Kasese, inayolea watoto wa watu, yatosha kutuonya tusidhani hivyo.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wasiishie kuuliza, "Kazimoto aliadhibiwa kwa nini?" Waulize pia, "Alimdhulumu nani?" Huenda darasani yumo kijana mwenye shaka kama yake, aliyenyamaza kwa hofu. Tukimfundisha kwamba kuuliza ni mwanzo wa kujiua, tutakuwa tumeisoma riwaya vibaya, na yeye tumemtendea vibaya zaidi.