Kidani na Wavu: Majina ya Polima Zenye Fulerini

Fulerini ya atomu 60 za kaboni, iliyo mfano wa mpira, iligunduliwa mwaka 1985 na Kroto, Curl, Smalley na wenzao huko Houston, Marekani. Mwaka 1990 ilipopatikana njia ya kuifanya kwa wingi, wanakemia walianza kuiunga na polima, yaani molekuli ndefu zilizo kama mnyororo. Ndipo yalipozuka majina mawili ya mfano: "kidani cha lulu", fulerini ikiwa ndani ya uzi wenyewe, na "bangili ya vipambo", ikiwa inaning'inia ubavuni.

Jina la pili halina ila kubwa. La kwanza ni tamu kwa sikio, lakini lapotosha. Lulu hutungwa kwa tundu moja: uzi huingia huku, hutokea kule. Fulerini ina viungo 30 vya maradufu, na vingi vyaweza kushika uzi. Kazi isipoangaliwa sana, nyuzi hushikana pande zote, na kilichokusudiwa kuwa kidani huwa wavu usioyeyuka. Jina limeficha taabu ile ile iliyopasa kuonyeshwa.

Kasoro kubwa zaidi ni ya neno la Kiswahili "mchanganyiko", likitumiwa kwa polima iliyoungwa na fulerini na pia kwa polima iliyotiwa fulerini tu. Mchele na choroko huchanganywa, na bado huweza kuchambuliwa punje moja moja. Kadhalika fulerini tupu ikitiwa katika polima mara nyingi hujikusanya mafungu mafungu. Kuiunga ni njia mojawapo ya kuzuia utengano huo. Kuchanganya ni tendo la mkono. Kutangamana ni tabia ya vitu vyenyewe, navyo huenda vikakataa.

Wala si shindano la maneno matupu. Katika seli za jua za polima, vitu hivi viwili havitakiwi kutangamana kabisa wala kutengana kabisa. Nishati inayozaliwa na mwanga husafiri kiasi cha nanometa 10 tu kabla ya kupotea, kwa hiyo lazima fulerini iwe karibu. Lakini umeme nao wataka njia zisizokatika za kutokea. Anayeandika "mchanganyiko mzuri" hajasema lolote.

Basi yafaa "kuunga", "kuchanganya" na "kutangamana" yashike kila moja mahali pake. Lugha inayo maneno hayo tangu zamani; kilichopungua ni uangalifu wa watumiaji.