Istilahi "Ubinafsishaji" na Viwanda vya Korosho vya Mtwara

Neno "ubinafsishaji" limekwisha kukubalika katika sheria, magazeti na mazungumzo. Kwa upande wa umbo hatuna ugomvi nalo. Kama "taifa" lilivyozaa "taifisha", neno lililoenea baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndivyo "binafsi" lilivyozaa "binafsisha" kwa kauli ile ile ya kutendesha. Udugu wake na "ubinafsi", yaani choyo, umelitia uchungu, lakini hiyo ni kasoro ndogo. Kasoro kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba neno hili humtaja mwenye mali tu na kuinyamazia kazi ya mali hiyo.

Tuchukue mfano wa Mtwara. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vikiwamo vya Mtwara mjini, Newala na Masasi. Mavuno ya nchi yakaanguka kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na viwanda vingi vikasimama hata kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo hatudai kwamba neno ndilo lililovifunga. Lakini tume iliyokabidhiwa shughuli ya kuuza katika miaka ya 1990 iliitwa ya "kurekebisha" mashirika ya umma. Mkulima aliyesikia "kurekebisha" alikuwa na haki ya kutazamia mashine zingurume tena. Baadhi ya viwanda viligeuzwa maghala, na korosho ghafi ikaendelea kupakiwa melini kwenda India. Hata hivyo viwanda hivyo vilikuwa vimebinafsishwa sawasawa: istilahi haikudai zaidi.

Tunapendekeza "ubinafsishaji" libaki jina la jumla la sera, na nyaraka ziseme wazi kilichotendeka: kuuza, kukodisha, ubia, au mkataba wa uendeshaji. Inapokusudiwa kazi iendelee, na iandikwe "kuuza kwa sharti la kubangua".

Mtwara yenyewe inatupa mfano bora. "Stakabadhi ghalani", mfumo ulioanza huko msimu wa 2007/08, hutaja karatasi aliyo nayo mkulima na mahali ulipo mzigo wake. Akicheleweshewa malipo, anajua aonyeshe nini na aulize wapi. Istilahi za uchumi hazina budi kumpa raia uwezo huo.