Kinywa na Mkono Katika Makumbusho ya Hadithi za Picha, Brussels

Duka la vitambaa la Waucquez, ambalo Victor Horta alilisanifu na likakamilika mwaka 1906, lilifunguliwa upya mwaka 1989 kuwa makumbusho ya hadithi za picha za Ubelgiji. Ni jengo la chuma na vioo, lenye paa lipitishalo mwanga hadi ukumbini. Na kwa kuwa mwanga ni adui wa wino, michoro ya asili hutolewa kwa zamu. Uangalifu huo wastahili sifa.

Walakini karatasi ikishatundikwa nyuma ya kioo, mtazamaji huufuata mstari wa kalamu, akastaajabu, akapita. Hasomi. Mkono wa mchoraji waheshimiwa, kinywa cha mhusika chasahauliwa. Nacho ndicho kiitofautishacho hadithi ya picha na picha tupu.

Hasara hiyo yadhihirika katika safari ya Tintin nchini Kongo, ambayo Hergé aliianza gazetini mwaka 1930 na ikawa kitabu mwaka 1931. Midomo minene aliyowachorea Wakongo imekwisha kulaumiwa, na kwa haki. Lakini tazama usemi wao: Kifaransa kilichovunjika, vitenzi visivyonyambuliwa, hali Milou, ambaye ni mbwa, asema Kifaransa fasaha! Hergé alipokichora upya kitabu mwaka 1946, somo la Tintin juu ya Ubelgiji, nchi ya wanafunzi hao kwa madai yake, aliligeuza kuwa hesabu. Ule usemi mbovu aliuacha. Hivyo wenye Kiswahili, Kilingala na Kikongo, lugha za ngeli na upatanisho wa kisarufi usiosamehe kosa, walionyeshwa kana kwamba hawana sarufi yoyote. Aibu hii haionekani kwa kutazama. Hupatikana kwa kusoma.

Jibu limekwisha tolewa, tena na mchoraji. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alichapisha pamoja na Christophe Cassiau-Haurie kitabu Madame Livingstone mwaka 2014, juu ya vita vya kwanza vya dunia katika Ziwa Tanganyika. Humo, rubani Mbelgiji huongozwa na mtu wa Kiafrika avaaye sketi ya Kiskoti, mwenye elimu na ulimi wake mwenyewe. Kurasa za vitabu hivi viwili zingetundikwa ubavu kwa ubavu, na viputo vyake vya maneno vikafasiriwa kwa Kiswahili kando ya Kifaransa, mgeni atokaye Lubumbashi asingehitaji kuelezwa zaidi.