Kukopa Arusi, Kulipa Matanga: Safari Tatu katika "Mabepari wa Venisi"

Mji wa Venice, kaskazini ya Italia, ni miongoni mwa miji ambayo watu wa mbali huiwekea akiba miaka mingi ili waione kwa macho yao. Umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja. Nyumba zake zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa topeni, njia zake kuu ni maji, na makanisa yake yamejaa picha za mafundi kama Titian na Tintoretto. Wageni ni wengi, hata mwaka 2024 mji ulianza kumtoza ada mgeni wa kutwa katika siku fulani za msimu. Atakaye kwenda huko kwa anasa hupanga mapema chumba kitazamacho maji, mashua ya kumbeba, na mavazi ya kumpendeza. Swali moja huliweka mwisho, ijapo lilistahili kuwa la kwanza: ni nani alipaye?

Swali hilo ndilo kiini cha mchezo ambao William Shakespeare aliuandika yapata mwaka 1596 au 1597, na ambao Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la "Mabepari wa Venisi". Wanafunzi wengi huukumbuka kwa ajili ya ratili ya nyama ambayo Shylock alitaka kuikata katika kifua cha Antonio. Si ajabu, maana tendo hilo latisha. Lakini ratili ile haikuzuka hivi hivi. Ilizaliwa na safari ya anasa. Basi na tuutazame mchezo huu kama habari ya safari tatu, na kila msafiri tumwulize nauli yake ilitoka wapi.

Safari ya kwanza ni ya Bassanio. Kijana huyu ni wa ukoo bora, lakini mali yake amekwisha itapanya, na Antonio rafiki yake anamdai tangu zamani. Sasa ataka kwenda Belmont kumposa Portia, binti tajiri. Angeweza kwenda jinsi alivyo. La, ataka kufika sawa na wachumba wakuu wengine. Hoja yake ni ya kitoto: mtoto aliyepoteza mshale hupiga wa pili upande ule ule ili auone wa kwanza; basi Antonio na amkopeshe tena, huenda deni la kale nalo likarudi. Fedha za Antonio zote zi baharini katika merikebu zake. Kwa hiyo akubali kuwekeana mkataba na Shylock wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na dhamana yake ni nyama ya mwili wake mwenyewe.

Tazama sasa fedha zile zanunua nini: karamu kwa marafiki, sare mpya za watumishi, na zawadi za thamani za kumtangulia bwana mlangoni. Sisi wa pwani ya ziwa, kutoka Bondo hata Kisumu, tunalo neno la Kijaluo kwa mambo haya: nyadhi, yaani fahari ya kujionyesha. Nyadhi si dhambi. Mtu akijipamba kwa chake, macho ya watu hufurahi. Bassanio ajipamba kwa mwili wa rafiki yake.

Na hapa ndipo ustadi wa mtungaji unapoonekana. Huko Belmont Bassanio awekewa masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, achague. Kabla ya kuchagua atoa hotuba ndefu ya kulaani mapambo ya nje, kwamba hudanganya watu. Kisha achagua risasi, ashinda. Msikilizaji hupiga makofi. Lakini msemaji huyu amesimama amevaa mapambo ya mkopo! Mara baada ya furaha yafika barua kwamba merikebu zimepotea na Antonio atakufa. Wahenga wetu walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Mara chache methali imetimia upesi hivyo.

Safari ya pili ni ya Jessica, binti wa Shylock, atorokaye usiku na mpenzi wake Lorenzo, pamoja na fedha na vito vya baba yake. Habari zarudi kwamba huko Genoa ametumia dukati 80 usiku mmoja, na kwamba ametoa pete kwa kubadili tumbili. Pete ile Shylock alipewa na Leah kabla hajaoa. Watazamaji waliokwisha kumcheka mzee huyu wanakuta kicheko kimewakwama kooni. Anasa ya vijana imelipwa kwa kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu haina bei.

Safari ya tatu ni ya Portia, aendaye Venice amejigeuza mwanasheria. Yeye peke yake katika watatu hawa asafiri kwa mali yake na kwa haja ya mwingine. Amwokoa Antonio kwa kusoma mkataba vizuri kuliko aliyeuandika: nyama imo, damu haimo. Lakini mhakiki asiungane na makofi yote. Kesi yaisha kwa Shylock kunyang'anywa mamlaka juu ya mali yake na kulazimishwa kuacha dini yake. Historia yatueleza zaidi ya mchezo. Mwaka 1516 watawala wa Venice waliwaamuru Wayahudi wakae mtaa mmoja, Ghetto, ambao malango yake yalifungwa usiku. Na kukopesha fedha ilikuwa mojawapo ya kazi chache walizoruhusiwa. Mchezo hautaji mtaa huo hata mara moja.

Wako watakaosema: mbona huu ni mchezo wa furaha, nao waisha kwa muziki na mbalamwezi? Ni kweli. Hata merikebu tatu za Antonio zarudi salama. Lakini Portia, aletaye habari hiyo, akataa kusema barua ameipataje. Naona hapo ni udhaifu wa mchezo: deni la Bassanio halikulipwa kwa jasho lake, lilifutwa na bahati.

Jina la tafsiri nalo lataka kupimwa. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio. Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, aliwataja kwa wingi, na kwa wingi huo Antonio na Shylock wasimama mizani moja. Ni fundisho kubwa. Hata hivyo neno hilo halimshiki Bassanio. Yeye hanunui, hauzi, hakopeshi, hutumia tu. Msomaji akiwalaumu mabepari peke yao, mwenye kosa la kwanza atapita mlangoni akitabasamu.

Wala nisieleweke kuwa kusafiri kwa fedha za wengine ni aibu. Mwaka 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya wa Rusinga. Wengi walichangiwa na jamaa na majirani, na wahisani wa Marekani walilipia ndege. Hao pia hawakujilipia. Tofauti ni kwamba waliotoa walijua wanatoa kwa nini, mzigo uligawanywa kwa wengi, na hakuna aliyeweka uhai wake rehani ili mwenzake apendeze.

Basi, mwanafunzi, usome mchezo huu tena ukiwa na kalamu mkononi, na kando ya kila karamu uandike jina la aliyelipa. Na Mungu akikujalia kuiona Venice, zitazame picha na majumba ya fahari, kisha uulize njia ya kwenda Ghetto.