Punje za Madini Zijizimazo Zenyewe

Mhunzi wa Butembo ageuzaye springi za magari mabovu kuwa majembe na mapanga, akikisogezea sumaku kipande cha chuma alichokipasha hata kikawa chekundu kama ngeu, ataona kwamba sumaku haina tena amri juu yake, na kikipoa utii hurudi. Tabia hiyo aliichunguza Mfaransa Pierre Curie mwaka 1895, akabainisha kwamba madini ya sumaku yana mpaka wake wa joto, ambao kwa chuma ni digrii 770 hivi. Na juu ya tabia hiyo hiyo, miaka 90 hivi baadaye, wataalamu walijenga njia ya kuwasha joto ndani ya uvimbe wa saratani bila ya kupitisha waya.

Kupasha mwili kwa sumaku igeukayo kulikwisha jaribiwa mwaka 1957 na R. K. Gilchrist na wenziwe wa Chicago, waliotia chembe za madini katika tezi za limfu. Walakini joto lile halikuwa na hatamu. Hatamu ilipatikana katika kuchanganya madini. Nikeli, ambayo peke yake hupoteza usumaku karibu na digrii 358, hushuka mpaka wake ikitiwa shaba; kadhalika paladi iliyotiwa kobalti kidogo huweza kuundwa ikaacha kuvutwa kwenye digrii 55, hata ukiidondosha punje yake katika chai iliyomiminwa sasa hivi, sumaku haitaipata mpaka chai iwe ya kunyweka.

Punje hizo, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, hupandwa kwa sindano katika uvimbe, mgonjwa akalazwa ndani ya koili ambayo mkondo wake hugeuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Madhali punje bado ni sumaku, huukusanya uga wa sumaku kwake, umeme ukazunguka katika ngozi yake ikapata moto. Ikiufikia mpaka wake, usumaku hutoweka, nayo hulala mpaka ipoe. Hikima yote, kwa maoni yangu, i katika ule ukweli kwamba kila punje hujihukumu peke yake: iliyo jirani na mshipa mkubwa, ambako damu hupita ikilichukua joto, hubaki macho na kuendelea kutoa, ilhali mwenziwe aliye mahali pakavu amekwisha kulala, jambo ambalo waya wenye nguvu moja toka ncha hadi ncha hauliwezi.

Lakini ina masharti magumu. Punje iliyokaa kwa kuupinga mwelekeo wa uga hupata joto haba, basi mkono wa daktari ukiteleza kazi hupungua. Joto nalo hufifia upesi, kwa hiyo punje hupandwa kwa safu, ya pili ikiwa kiasi cha sentimita 1 tu kutoka ya kwanza. Tena mwili wenyewe hupitisha umeme, na ukiongezwa uga kupita kiasi, ubavu wa mgonjwa huungua kabla ya uvimbe.

Madaktari wa Berlin walitangaza mwaka 2002 matokeo ya wagonjwa 57 wa saratani ya tezi dume, waliopandwa punje za kobalti na paladi na kupigwa mionzi pia, kwani chembe ya mwili iliyopashwa hushindwa kujitengeneza baada ya mionzi kuijeruhi. Hapakuwa na kundi la kulinganishia lililopata mionzi pekee. Na mimi, ingawa naistahi punje ile kuliko vyombo vingi vyenye kelele, siwezi kukata katika matokeo yale fungu la joto na fungu la mionzi.