Kiwambo Cheusi na Mzigo wa Shina "Endesha"

Istilahi hupimwa vizuri zaidi mahali penye shida. Mtu ambaye kompyuta yake inafanya kazi aweza kuishi na neno bovu miaka mingi bila kudhurika. Lakini yule aliyemaliza kusakinisha mfumo mpya, akaiwasha mashine na kukuta kiwambo cheusi, hana msaada ila maneno ya maelekezo aliyo nayo. Kwa kipimo hicho tumeyapitia maelekezo ya Kiswahili yahusuyo mifumo ya jamii ya Linux, na yapo mambo ambayo hatuna budi kuyasema.

Kwanza tulieleze tatizo lenyewe. Mfumo unapoanza, huitambua kadi ya michoro, kisha huita programu ndogo ijuayo kuiamrisha kadi hiyo. Kwa kadi za NVIDIA, mifumo mingi ya Linux huja na programu iitwayo nouveau, ambayo haikutungwa na kampuni hiyo. Isipopatana na kadi, kiwambo chaweza kubaki cheusi ingawa mashine yenyewe i hai. Tiba ya muda ijulikanayo sana ni kubonyeza herufi e katika orodha ya kuwashia, na kuongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux. Mara nyingi picha hurudi, japo hafifu, na hapo programu ya kampuni yaweza kusakinishwa.

Je, programu hiyo ndogo yaitwaje? Kiendeshi. Na kifaa kisomacho diski? Nacho ni kiendeshi. Na mfumo mzima? Mfumo endeshi. Basi msomaji akiambiwa kwamba "mfumo endeshi haukupata kiendeshi", atafungua kasha la mashine atazame nyaya za diski, na hali diski ni nzima kabisa. Hatulilaumu shina endesha, ambalo ni zuri. Twawalaumu walioliтwika mizigo mitatu kwa safari moja. Wengine wamekimbilia dereva, lakini neno hilo limekwisha kukaa katika ngeli ya watu, na mwandishi huyohuyo huandika "dereva amekataa" na "dereva imekataa" katika ukurasa mmoja. Sisi twapendekeza kiendeshi kiachiwe diski, na programu hizi ziitwe kwa kazi yake: programu ya kadi ya michoro, programu ya kichapishi. Ni jina refu, lakini halimpotezi mtu.

Kosa kubwa zaidi ni azimio. Kiwambo chenye nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Mfumo usipokitambua, waweza kuonyesha picha ya 1024 kwa 768, yaani nukta 786,432 tu, na herufi zikavimba na kufifia. Maelekezo humwambia mtumiaji "abadilishe azimio". Azimio gani? Kwa Mtanzania neno hili lina historia tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967: ni uamuzi uliotangazwa na watu. Mfasiri amechukua maana ya kwanza aliyoikuta kwenye kamusi ya Kiingereza, wala hakukitazama kiwambo. Idadi ya nukta yatosha, na mtoto wa shule ataielewa.

Yapo ya kusifiwa. Sakinisha limejengwa juu ya sakini, yaani kukaa mahali, na mfumo uliosakinishwa kweli umefanya makao. Kiwambo nacho kinatokana na wamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Twalipenda, ingawa twakiri kwamba mitaani skrini inaongoza.

Jambo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Tumekuta maelekezo ambamo hata maneno ya amri yamefasiriwa. Nomodeset ni amri, si istilahi. Mashine haipokei tafsiri yake, na mtu aliye mbele ya kiwambo cheusi ataandika kama alivyoambiwa kisha ashangae. Amri ziachwe kama zilivyo, zichapwe kwa herufi za namna tofauti, na maelezo ya Kiswahili yafuate kando yake.

Kuhusu programu ya kadi, twawaomba wasomaji, hasa mafundi, watuletee neno fupi zaidi kama wanalo, mradi lisitokane na endesha.