Flashi Moja, Kanzu Nyeupe

Anayeanza kutumia flashi kwa picha za watu huhangaika kwanza na taa yenyewe: ina nguvu kiasi gani, ikae wapi, anunue ipi. Mimi humwambia aizime. Picha ya flashi ni picha mbili ndani ya fremu moja, ya mwanga uliokuwepo na ya mwanga ulioongezwa. Ile ya kwanza isipopangwa peke yake, ya pili itakuwa ya kubahatisha.

Tuchukue picha moja tuifungue. Mzee amekaa barazani, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi. Karibu naye kuna mlango wa mbao, na nyuma ya mzee kichochoro kinaishia kwenye kipande cha mbingu. Jua limeshazama ila samawati haijaondoka. Vifaa ni flashi moja ndogo ya kawaida, triga ya redio, stendi, na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga. Mguuni pa stendi nilining'iniza mfuko wa mchanga, maana upepo wa jioni pwani huuchukulia mwavuli kama tanga.

Flashi ikiwa imezimwa, niliweka ISO 400, tundu la lenzi f/5.6 na kasi ya shata 1/160. Mbingu ikatoka na rangi yake, kichochoro kikawa na kiza cha wastani, uso wa mzee ukazama kabisa. Ndivyo nilivyotaka. Pale palipozama ndipo nilipoiachia flashi nafasi.

Hapa pana jambo ambalo mtu akilishika, mengine yote hurahisika. Flashi huwaka na kuzimika upesi mno. Ikiwa kwenye nguvu ndogo, muda wake haufiki hata 1/1000 ya sekunde. Basi shata ikikaa wazi kwa 1/160 au kwa 1/60, mwanga wa flashi unaoingia ni uleule. Kinachobadilika ni mbingu na kichochoro. Giza lilipozidi, nilishusha kasi hadi 1/80: kichochoro kikaonekana tena, na uso ukabaki ulivyokuwa. Tundu la lenzi na ISO, kwa upande wao, hugusa mianga yote miwili. Kupandisha kasi ndiko kwenye mpaka. Kamera nyingi hukomea 1/200 au 1/250; ukivuka hapo, pazia la pili la shata huanza safari kabla la kwanza halijamaliza yake, na sehemu ya picha hutoka na mkanda mweusi.

Taa niliiweka kando ya kamera, juu kidogo ya kichwa cha mzee, mita 1 kutoka usoni, nguvu 1/32. Huo umbali una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: kitu kilicho mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo ya mwanga unaofika mita 1. Mlango wa mbao ulikuwa kwenye mita 2 hivi, ndiyo maana umetulia nyuma bila kushindana na uso. Ningeisogeza taa hadi mita 3 na kuiongezea nguvu, uso na mlango vingekaribia kulingana, na picha ingelala bapa.

Kanzu ndiyo iliyokuwa mtihani. Kitambaa cheupe na ngozi nyeusi katika fremu moja ni kazi ambayo mfumo wa TTL, yaani kamera kujipangia nguvu ya flashi, huikosea mara kwa mara. Kamera hupima mwanga uliorudi na kudhani kwamba kila kinachopigwa kina wastani wa kijivu. Ikiona weupe mwingi, hupunguza nguvu ya flashi: kanzu inakuwa nzuri, mwenye kanzu hajulikani. Kwa hiyo nilipanga nguvu kwa mkono, nikiutazama uso tu, kisha kanzu nikaishughulikia kwa umbali. Taa ikiwa juu, uso uko mita 1 na kitambaa cha mapajani kiko kama mita 1.4; tayari kimepata nusu ya mwanga. Halafu niliugeuza mwavuli ili kitovu chake kipite juu ya uso, na kanzu ipate mwanga wa ukingoni. Mishono ya kifuani ikaonekana uzi kwa uzi.

Ngozi nyeusi yenyewe inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo tunayoipiga picha kila siku, na ushauri unaozagaa ni ule wa kuongeza nguvu tu. Kuongeza nguvu hakutibu. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kutoka ndani yake, lakini mng'ao wa juu ya ngozi unabaki karibu sawa na wa ngozi yoyote. Umbo la uso, yaani mfupa wa shavu, paji na taya, huonekana kwa mng'ao huo. Flashi tupu ni chanzo kidogo, nayo huchoma kidoa cheupe puani na kwenye paji. Mwavuli uliosogezwa karibu huutandaza mng'ao uleule ukafuata shavu lote. Upande wa pili niliegesha ubao mweupe, si kwa ajili ya kufuta kivuli, bali uchore mstari mwembamba wa mwanga kwenye taya. Kabla ya kupiga, mpe mtu kitambaa akaushe jasho. Kwa joto la pwani hilo si la hiari.

Balbu ya barazani ilikuwa ya manjano, nikaomba izimwe. Ungetaka kuibakiza, ungefunika flashi kwa karatasi angavu ya rangi ya chungwa ili mianga miwili ifanane, kisha ukarekebisha rangi kwenye kamera.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua ISO 400 na nguvu 1/32 badala ya ISO 100 na nguvu 1/8, ingawa mwangaza wa flashi ungekuwa uleule. Flashi ndogo ya betri inayowashwa kwa nguvu nyingi hukusubirisha ijichaji, wakati mwingine sekunde kadhaa ikiwa imetoa nguvu yake yote. Ikiwa kwenye 1/32 huwa tayari mara moja. Wazee wengi hukaza uso wakiona kamera, halafu hulegea pale wanapodhani umeshamaliza na kuanza kukuuliza habari za nyumbani. Ile picha niliyoichagua ilipigwa wakati huo, mzee akiwa katikati ya swali.